Barua ya Mama Wawili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipiga pasi.

Barua ilitufikia ikiwa imekunjwa kwa urefu, mkunjo juu ya mkunjo, hadi ikawa nyembamba kama kidole cha mtoto. Mtu mwingine angeifungua, angeisoma, basi. Mimi siwezi kuvumilia karatasi yenye mikunjo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule yetu ilikuwa imefungwa tangu risasi zianze kulia hata mchana, na chochote kilichokuwa ndani ya uwezo wangu nilikinyoosha: mashuka, vitenge, kurasa za madaftari. Mama alikuwa bado anavua viatu mlangoni wakati nimeshaitandaza mezani, nimeifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuishindilia pasi ya makaa. Ikatoka laini kama noti mpya. Nikajisifu kimoyomoyo. Ile mikunjo niliyoifuta ndiyo iliyokuwa na habari, na mimi sikujua.

Mama alikuwa akipinda vitenge na kudarizi mashuka ya maharusi kwa ajili ya duka moja kule mtaa wa Asiatique. Siku hiyo alipopeleka kazi, mzee mwenye duka alimwambia asubiri wateja watoke. Kisha akavua kofia yake, na ndani ya kofia akatoa kile kijiti cha karatasi.

"Nimepewa na mama wa mafuta ya mawese," akasema. "Yeye alipewa na dereva. Huyo dereva alipewa na nani, usiniulize. Wameniambia tu: mpe mama wa Jabe, pale kwenye parseli yenye bomba, yule aliyepoteza mtoto."

Parseli yenye bomba pale mtaani Jabe ilikuwa yetu. Uwanja mmoja, ukuta mmoja, bomba moja katikati, na milango miwili ya wapangaji ikitazamana. Lakini mama waliopoteza mtoto pale walikuwa wawili.

Sisi tulikuwa tumempoteza dada yangu. Aliolewa katika mtaa mmoja wa kaskazini, na usiku ule mtaa wake ulipovamiwa, watu wakakimbia kila mmoja na njia yake, hatukujua yeye na mume wake walishika ipi. Ulikuwa umepita zaidi ya mwaka. Wanawake wa msikitini walikuwa wameanza kumuuliza mama, kwa upole, kama haukuwa wakati wa kumsomea hitma. Mama aliwajibu kwamba hitma husomewa maiti, na yeye hajaonyeshwa maiti yoyote.

Mlango wa pili aliishi jirani yetu, mkristo, muuza mboga, mkubwa kuliko mama kwa miaka michache, ndiyo maana mimi nilimwita mama mkubwa. Mtoto wake wa kiume alikuwa mwanafunzi. Alitoka asubuhi moja kwenda kunyoa nywele, hakurudi. Viatu vyake vya mpira vilikaa nje ya mlango wao, pua zikitazama ndani, kana kwamba ameingia sasa hivi. Mama mkubwa alivifuta vumbi kila alipofagia.

Barua ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la miraba, kwa herufi kubwa tupu, kama vibao vya madukani, ili mwandiko usitambulike. Haikuwa na jina wala mahali. Wakati ule jina moja likisomwa kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, liliweza kumwingiza mtu taabani, na kila mtu alijua kuandika bila kuandika. Ilisema hivi:

SISI NI WAZIMA. TUNAKULA. MSITUTAFUTE SASA. MVUA HUKU NI NYINGI. SALAMU KWA MAMA NA KWA WOTE WANAOULIZA.

Hayo tu. Jioni ile mama angeweza kuificha. Namjua, wazo lilimpitia, kwa sababu alisimama na ile karatasi katikati ya chumba akiutazama mlango wa jirani. Kisha akatoka nayo. Walikaa kwenye ukingo wa bomba, mimi nikiwasomea.

"Rudia pale pa kula," mama mkubwa akasema.

"Tunakula."

Akapiga makofi mara moja. "Mumesikia? Ni wangu! Barua ya maneno kidogo hivi, nani mwingine angeweka chakula ndani? Yule mutoto alikuwa anauliza ya jioni, na ya mchana iko bado mudomoni."

"Na hiyo 'msitutafute' ni sauti ya nani?" mama akamjibu. "Ni ya wangu. Tangu mudogo: musinifuate, musiniite, mi najua njia."

"Wako? Wako hajui njia ata ya sokoni."

"Angalau wangu hajaletwa nyumbani na polisi analia na suruali imeloa."

"Alikuwa na miaka mine, we!"

Wakacheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, wakishikana mabega. Halafu kicheko kikawaishia wote kwa pamoja, na wakaitazama karatasi iliyokuwa magotini pangu. Wote walikuwa wamefikia hesabu ileile. Aliyeandika alikuwa mzima. Mmoja wao alikuwa na mtoto mzima, na mwingine alikuwa bado na viatu mlangoni au hitma inayosubiri.

Hawakugombana. Wakakubaliana kwamba Ijumaa barua italala kwa mama, ndani ya msahafu, na Jumapili italala kwa mama mkubwa, ndani ya Biblia. Siku nyingine zitakuwa zangu.

"We unajua mambo ya kufichwa," mama akaniambia. "Lazima kuna kitu kingine humo ndani. Kitafute."

Hapo ndipo niseme ukweli kuhusu ujuzi wangu. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo, kuhusu majasusi wa vita vya zamani. Nilikiokota kwenye rundo la karatasi za kufungia karanga pale soko la Jabe. Kwa vile shule ilikuwa imefungwa, nilijisomesha mwenyewe, nikiandika kila neno nisilolijua kwenye daftari, na nikikosea herufi moja nachana ukurasa mzima na kuanza upya. Mama hakuniruhusu kushona kwa sababu hiyohiyo. Niliwahi kufumua ua moja la shuka mara nyingi hadi kitambaa chenyewe kikatoboka. Alininyang'anya sindano akasema, "We si wa kazi ya mikono. Kitambaa kinachoka mbele yako."

Basi nikaipokea ile barua kama mtu aliyepewa kazi serikalini. Nilinawa mikono kabla ya kuishika. Nilichukua herufi ya kwanza ya kila sentensi, halafu ya mwisho. Niliisoma kutoka nyuma. Nilisoma mstari mmoja na kuruka mmoja. Hakuna. Kitabu kilisema majasusi huandika kwa maji ya ndimu, na maandishi hujitokeza karatasi ikipata joto, kwa hiyo nikarudi kwenye pasi. Niliishikilia juu yake, karibu, karibu zaidi, nikingoja maneno ya rangi ya chai yatokee. Kilichotokea ni moshi. Pembe moja ya karatasi ikawa kahawia.

"Yoo!" mama mkubwa akapiga kelele kutoka mlangoni kwake. "We, unataka kumupika?"

Niliiweka mezani, sikuigusa tena siku ile. Usinicheke. Nilikuwa mtu wa kulala nikifikiria kikombe nilichokiweka vibaya. Sasa nilikuwa nimemuunguza dada yangu pembeni, au mtoto wa mwenzetu.

Nilikutana na matundu siku iliyofuata. Nilikuwa nimesimama kwenye bomba, nikaiinua barua juani ili nione alama ya moto imefika wapi, na jua likapenya. Palikuwa na vishimo vidogo sana vya sindano, vingi, vimetapakaa karatasi nzima kwa safu.  Kitabu changu kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo: jasusi hutoboa herufi anazotaka zisomwe, moja baada ya nyingine.

Nikaandika kila herufi iliyokuwa karibu na tundu. Nikapata uchafu mtupu, herufi zisizotamkika. Nikadhani nimepima vibaya. Nikapima upya kwa rula, nikachora miraba, nikaandika tena kwa wino wa rangi mbili. Wakati huo mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akipinda vitenge, na kwa kuwa nilikuwa kimya, alikuwa akimwongelea mtu asiyekuwepo, dada yangu.

"Huyu angekuwa ameshamaliza hicho," alisema akinionyesha kitenge. "Alikuwa na mukono mwepesi. Lakini mukono gani? Wa kushoto! Nimemufunga kitambaa kwenye ule mukono akiwa mudogo, nimemupiga, nimemubembeleza. Kula, wa kulia. Kusalimia, wa kulia. Kushona, wa kulia. Ananiambia ndiyo mama. Nikigeuka tu kutazama chungu, sindano imeshahama."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi imerudi. Ananitazama na macho ya malaika." Akakata uzi kwa meno. "Nilimugombeza sana kwa hilo. Sana kupita kiasi."

Nilimsikiliza kwa nusu sikio. Nilikuwa na kazi muhimu. Na siku chache baadaye nilifaulu, au nilidhani nimefaulu. Nilizikata zile herufi kwenye vipande vidogo vya karatasi, nikawa nazipanga mezani, nikiacha hii, nikichukua ile, hadi jina la dada yangu likakaa mbele yangu, kamili. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikavichanganya vile vipande, nikaanza tena, kwa uvumilivu uleule, nikiacha hii, nikichukua ile. Nikapata jina la kijana wa mama mkubwa. Nalo kamili.

 Nilielewa kwamba barua haikuwa imesema lolote. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema, na ningeweza kutoa humo jina la yeyote niliyemtaka. Na nilimtaka dada. Nilimtaka kwa namna ambayo ingemwondoa yule kijana duniani, ambaye aliwahi kunifundisha kugawanya namba kwenye ukingo wa lile bomba. Nilivikusanya vile vipande nikavitia jikoni kwenye makaa, na sikumwambia mtu.

Jumapili barua ikaenda kwa mama mkubwa kama kawaida. Jumatatu alitoka nayo bila kukusudia. Alikuwa ameichomoa kwenye Biblia alfajiri kuitazama, halafu akasikia gari la kwenda Kanyosha kuchukua mboga za lengalenga linapiga honi. Akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake, pale anapofungia pesa, akakimbia. Mimi nilishinda mlangoni nikiuma kucha. Aliporudi na kufungua lile fundo, barua ikatoka imekuwa kijiti tena, kama siku ya kwanza.

Nilikaribia kulia. "Mama mkubwa, mbona umeikunja!"

"Mi sikukunja, mwanangu, mwana wanje. Nimeishika tu, ikaenda yenyewe. Karatasi inajua vile ililala."

Nilikimbia nayo kwenye mwanga kuona kama imechanika. Ndipo nikaona. Ile mikunjo niliyoipiga pasi ilikuwa imerudi mahali pake, na yale matundu yote yaliyotapakaa yalikuwa yamekutana. Jua lilipita kwenye tundu la juu likatokea upande wa pili, likivuka kila tabaka. Zile safu nyingi zilikuwa safu moja tu, inayofuata ukingo mmoja wa kijiti. Hakuna aliyetoboa herufi. Sindano ilipita mara moja ndani ya karatasi iliyokunjwa. Barua ilikuwa imeshonewa ndani ya upindo wa nguo, ikavushwa bariyeri zote ikiwa kwenye nguo ya mtu, na njiani mmoja wa wale walioipokezana akaifumua.

Sikuona aibu kwanza. Aibu ilikuja baadaye na bado haijaondoka. Nilichotaka wakati ule ni kuona mshono wenyewe ulivyokuwa. Nikaingia ndani, nikachukua sindano ya mama na uzi mweupe, nikaanza kuyafuata matundu.

"Toka hapo," mama akasema nyuma yangu. "Utaichana. Leta."

Nikamwelezea. Akaketi mkekani, akaweka kile kijiti gotini kama anavyoweka nguo, ukingo wa upindo juu, nguo ikishuka kwake, vile alivyotufundisha sote wawili. Akainama. Yeye hakuhitaji jua, alipapasa kwa ncha ya kidole.

"Hapa sindano iliingia, ni laini. Hapa ilitoka, karatasi imeinuka." Akaingiza uzi, akaanza kutoka kulia kwenda kushoto, kama kila ashonaye kwa mkono wa kulia.

Haikukubali. Pale alipotaka kuingia ndipo karatasi ilipokuwa imeinuka, yaani pale sindano ilipotokea. Akajaribu tundu la pili, la tatu. Akarudi mwanzo. Nikamwona amesita, mkono hewani.

Kisha, polepole, kama mtu anayegusa kitu alichokatazwa, akaihamishia sindano mkono wa kushoto.

Vidole vyake havikujua kazi ile.  Lakini sindano iliingia pale palipo laini na kutoka pale palipoinuka, ikaingia, ikatoka, kutoka kushoto kwenda kulia, hadi mwisho wa karatasi, na hakuna tundu hata moja lililobaki. Akarudi kwenye ncha ya kushoto, mshono ulipoanzia, ambapo matundu yalikuwa yamebanana hadi karibu kuwa moja. Akaligusa lile tundu kubwa kwa kidole, akafumba macho.

"Haamini fundo," akasema. "Anaanza kwa kurudi palepale mara tatu."

Nami, kwa tabia yangu, nikashindwa kunyamaza. "Mama, lakini watu wa mkono wa kushoto ni wengi."

Hakunikasirikia. "Zile mara tatu nilimufundisha mi. Ule mukono nilimukataza mi. Nani mwingine duniani amefundishwa moja na kukatazwa nyingine, yote na mimi?"

Akakiinua kile kijiti, uzi ukining'inia, akakiweka shavuni. Alikuwa akilia na kutabasamu na kugombeza kwa pamoja. "Ata kwenye barua," alisema. "Ata kwenye barua, we mutoto, wa kushoto!"

Baadaye tukasikia ndoo ikiwekwa chini ya bomba. Tukatazamana.

"Utamwambia?" nikauliza.

Mama akanawa uso. Akautoa uzi kwenye barua taratibu, mshono kwa mshono, ili asiongeze tundu. Kwa mara ya pili nikamwona anautazama ule mlango, na kwa mara ya pili akatoka.

Mimi nilisimama kizingitini. Mama alimweleza kwa maneno machache, akimwonyesha kwa mikono, mkono huu, halafu huu.  Ndoo ikajaa, maji yakaanza kumwagika miguuni pao, na hakuna aliyefunga bomba.

"Ni wako," mama mkubwa akasema mwishoni.

"Ni wangu."

"Muna neno lenu la kusema siku kama hii. Alhamdulilahi, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi alhamdulilahi." Akalitamka vibaya kidogo na kwa moyo wote, akamkumbatia mama, na kwa juu ya bega la mama nikauona uso wake. Sitauandika ulivyokuwa. Kisha akajifuta kwa kitenge, akainama, akafunga bomba.

"Sasa," akasema, bado ameinama, "Jumapili yangu je?"

"Jumapili ni yako," mama akajibu haraka. "Nani amekuambia Jumapili imebadilika? Salamu zimetumwa kwa wote wanaouliza. Kwani we huulizi?"

Mama mkubwa akaitikia kwa kichwa, akapokea barua, akaikunjua. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akafika kwenye ile pembe niliyoiunguza. Halafu akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mwana wanje, umetafuta kila mahali? Labda huyo mutoto mwanamuke ameona wengine huko. Labda wangu ni kati ya hao 'sisi'. Umemaliza pande zote?"

Nilikuwa nimemaliza. Hakuna karatasi iliyowahi kuchunguzwa kama ile. Nilijua kila mraba wake, kila tundu, kila mahali wino ulipokwama. Na mtu kama mimi, ambaye maisha yake yote ni kutaka jambo lifikie mwisho wake na lifungwe vizuri, angesema ndiyo.

"Apana, mama mkubwa," nikasema. "Kuna upande mmoja bado sijaumaliza."

Nikanawa mikono pale bombani. Akaniletea kigoda chake mwenyewe, akakiweka mlangoni kwake, kando ya vile viatu, mahali penye mwanga mzuri. Nikaketi, nikaifungua barua magotini bila kuinyoosha, nikaanza tena na neno la kwanza, polepole, kidole chini ya kila herufi, naye akisimama nyuma yangu akinishikia bega.